Kengele Iliyokatwa Kichwa

Leo nataka tuzungumze habari za watu wanaotengeneza muziki ambao, nikiufungulia hapa hewani bila kuwatahadharisha, nusu yenu mtaanza kuhangaika na antena, na nusu nyingine mtapiga simu kuuliza kama fundi mitambo amesinzia. Muziki wa majaribio. Muziki usio na kiitikio, na mara nyingine usio na hata kipande kimoja unachoweza kukipigia mluzi ukienda dukani.

Siwaombi muupende. Mimi mwenyewe upo ambao nimeanza kuusikiliza nikauzima njiani. Ninachotaka mkisikie ni namna watu hawa wanavyoieleza kazi yao. Maana mwanamuziki wa kawaida akija studio, sisi watangazaji tunamuuliza wimbo unamhusu nani, video imegharimu kiasi gani, na ile habari ya mitandaoni ni kweli au ni uzushi. Anaaga, anaondoka, na hakuna aliyemuuliza: ile sauti inayoingia dakika ya pili uliipataje? Wale wa majaribio hawana umaarufu wa kuulizwa habari za wapenzi wao. Tena muziki wao haujielezi. Basi wamelazimika kuueleza wenyewe, na wengine wameandika vitabu vizima juu ya yale waliyokuwa wakiyafanya mezani pao. Kila nikiwasoma na kuwasikiliza wakihojiwa, kuna jambo moja linanirudia. Juu ya walichoongeza wanasema kidogo sana. Juu ya walichoondoa hawanyamazi.

Tuanzie Afrika, na tuanzie kwenye redio, kwa sababu ndiko habari yenyewe inakoanzia.

Mwaka 1944, mjini Cairo, kijana mmoja wa miaka 23 aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kunasia sauti kutoka kituo cha redio. Hakuwa mtangazaji, chuoni alisomea mambo ya kilimo. Mashine yenyewe haikuwa ya mkanda kama hizi kanda tulizozizoea. Ilinasa sauti kwenye waya mwembamba wa chuma, na ilikuwa mzigo wa kubeba hasa. El-Dabh akaipeleka kwenye zaar. Watu wa pwani sina haja ya kuwaeleza sana: ni ngoma ya pepo, ya kinamama, wanaimba na kupiga ngoma mpaka aliyepandwa atulie. El-Dabh alikuja kusimulia kwamba yeye na rafiki yake walijifunika kichwa, wakajipenyeza ndani, wakanasa. Kama ile ilikuwa adabu, hilo nalo ni swali, na jibu langu halingempendeza marehemu. Tuliache.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Alirudi na waya wake kwenye studio za redio. Palikuwa na vyumba vya mwangwi, na kulikuwa na chumba kimoja ambacho kuta zake zilisogezwa: ukiusogeza ukuta huu mwangwi unarefuka, ukiurudisha unakatika. Akawa anaifungulia ile ngoma ndani ya chumba, anainasa upya, anasogeza ukuta, anainasa tena. Halafu akaanza kupunguza. Sauti ya mtu ina ule mzizi wake mnene wa chini. Juu yake kuna sauti nyingine nyembamba, nyingi, ambazo kwa kawaida hatuzisikii peke yake. Tunazisikia kama rangi tu ya ile kubwa. El-Dabh akaondoa mzizi, akabakiza zile nyembamba. Kinamama wakapotea. Hakuna neno linaloshikika wala sauti ya mtu inayotambulika. Kimebaki kitu kinachovuma, kinachogongana chenyewe kwa chenyewe, kinachopanda na kushuka. Mwenyewe alipoulizwa alijifananisha na mchonga sanamu: una pande la sauti, unalitoa vipande.

Kazi hiyo aliisikilizisha hadharani Cairo mwaka huohuo, kwenye jumba la maonyesho ya sanaa. Kipande kilichobaki kwetu ni cha kama dakika mbili, na hakikutoka kwenye CD hadi karibu na mwaka 2000. Kwa miaka mingi, basi, vitabu viliendelea kuandika kwamba muziki wa kukatakata sauti zilizonaswa ulizaliwa Paris mwaka 1948. El-Dabh alihamia Marekani mwaka 1950, akafanya kazi kwenye maabara ya muziki wa kielektroniki ya vyuo vya Columbia na Princeton, akafundisha chuo kikuu cha Kent State kule Ohio, na akafariki mwaka 2017 akiwa na miaka 96. Alipata kuuona wakati ambao watu walianza kumtaja. Wengi wa aina yake hawaupati.

Sasa twende hukohuko Paris, kwa Pierre Schaeffer, kwa sababu ingawa hakuwa wa kwanza, yeye ndiye aliyeandika shajara.

Schaeffer alikuwa mhandisi wa redio ya taifa ya Ufaransa. Mnamo mwaka 1948 alikwenda kwenye ghala la vifaa vya michezo ya redio, kule wanakochukua vitu vya kuigiza mvua, farasi na milango inayofungwa. Akatoka na shehena: kengele, honi, vifuu vya nazi. Shajara yake inamwonyesha mtu mzima, mwenye cheo, anakwenda huku na huku na vikorokoro hivi, hajui anachotafuta. Leo anaandika kwamba amekipata, kesho anaandika kwamba si chenyewe. Ni usomaji wa kuchekesha na wa kutia moyo. Siku hizi mtu akitaka kukuonyesha ubunifu wake anakuonyesha kitu kilichokwisha. Schaeffer alituachia siku ambazo hakuna kilichotoka.

Lakini katika siku hizo ndimo alimokutana na kengele yake. Hakuwa na mkanda; alikuwa akikata santuri moja kwa moja kwa sindano. Alipiga kengele, lakini akafungua sauti baada ya pigo, pale kengele inapokuwa tayari inalia. Alipoisikiliza, haikuwa kengele tena. Ilikuwa inalia kama zumari.

Hili unaweza kulijaribu mwenyewe leo jioni, na nakuomba ulijaribu. Tafuta sinia la shaba, au kengele ya baiskeli, au hata sufuria nzito itakayolia kwa muda. Iwashe simu, irekodi. Kisha ukate ule mwanzo: lile pigo, lile "ngo!" Bakiza mkia tu. Mpe mtu mwingine asikilize bila kumwambia umefanya nini. Atakutajia filimbi, atakutajia kinanda, atakutajia kitu chochote, lakini usishangae asipotaja sinia. Maana yake ni kwamba sikio letu hutegemea sana namna kitu kinavyoingia ili kukitambua. Ukikikata kichwa, hakina jina.

Kutoka hapo, na kutoka kwenye santuri iliyokwama mahali pamoja ikarudia kipande kilekile, Schaeffer alipata namna nzima ya kutunga. Alinasa magari moshi kwenye stesheni ya Batignolles, akayapanga. Tarehe 5 Oktoba 1948 redio ya Paris ikarusha kazi zake tano za aina hii. Fikirini Wafaransa wale waliokuwa wakila chakula cha jioni.

Nina sababu nyingine ya kumtaja. Katika miaka ya 1950, Schaeffer huyuhuyu ndiye aliyepewa kusimamia redio za makoloni ya Ufaransa barani Afrika. Kuna watangazaji wa kwanza wa Afrika Magharibi waliofunzwa kwenye shule aliyoianzisha. Kwa hiyo yule mtu wa vifuu vya nazi ana mkono wake, kwa mbali, katika kazi hii ninayoifanya hapa.

Halafu kuna mwisho wake, ambao kwa maoni yangu ni mojawapo ya mahojiano magumu kuliko yote aliyowahi kutoa mwanamuziki. Mwaka 1986, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, heshima anazo, wanafunzi wametapakaa dunia nzima, aliulizwa kuhusu safari yake. Akasema, kwa muhtasari, kwamba alipigana miaka arobaini kutafuta muziki nje ya do-re-mi, na amekuja kuona kwamba nje ya do-re-mi hakuna kitu. Kwamba alipoteza maisha yake. Mwulizaji alikwenda kuzungumza na mwanzilishi, akakabidhiwa hati ya talaka.

Wapo wanaosema alikuwa anatania, au amechoka, au uzee. Mimi naona alisema alichokiona. Tena naona alikosea: magari moshi yale yanasikilizwa mpaka leo, na kila kijana anayekata sauti kwenye kompyuta anatembea kwenye uwanja ambao Schaeffer aliufyeka. Lakini ni nani kati ya wanamuziki wetu tunayemwachia nafasi ya kusema hewani, "Ile kazi niliyosifiwa, naona haikuwa kitu"? Tungemkatisha tukaweka tangazo.

Nitampita haraka mtunzi wa Kimarekani John Cage, kwa sababu ana watu wa kutosha wa kumsemea. Sitampita Pauline Oliveros. Huyu mama alizaliwa Houston, Texas, mwaka 1932. Mwaka 1953 mama yake alimpa kinasa sauti kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Oliveros akaweka maikrofoni dirishani, akanasa, akasikiliza. Ndani ya mkanda mlikuwa na sauti ambazo yeye, aliyekuwa amekaa palepale akisikiliza, hakuzisikia. Mashine ilizisikia zote kwa sababu haichagui. Tangu siku hiyo alijiwekea amri ya kusikiliza kila kitu wakati wote, na kila akigundua hasikilizi, kujikumbusha. Mtu anaweza kusema hii ni rahisi. Jaribu dakika tano ukiwa kwenye foleni ya daladala Mwenge, bila simu, uniambie.

Mwaka 1988 Oliveros na wenzake waliteremka kwa ngazi ndani ya tangi kubwa la maji lililokuwa tupu, chini ya ardhi, katika jimbo la Washington. Mle ndani sauti ikitoka hainyamazi mpaka zipite kama sekunde 45. Hesabuni hiyo. Unapiga noti moja ya akodiani, na wakati unapiga ya kumi, ya kwanza bado ipo. Huwezi kucheza haraka, utazama kwenye kelele zako. Huwezi hata kukosea kwa siri, maana kosa litakaa nawe hapo. Walichokuja kueleza ni kwamba mle ndani hakuna aliyekuwa anaongoza. Tangi liliongoza, wao wakaliachia nafasi.

Mmarekani mwingine, Alvin Lucier, alikuwa na kigugumizi. Mwaka 1969 alikaa chumbani akarekodi maneno machache ya kueleza anachokifanya: kwamba amekaa chumbani, anarekodi sauti yake, na ataifungulia humohumo na kuirekodi tena, na tena, na tena. Akafanya hivyo. Kila chumba kina sauti zake kinazozipenda. Umewahi kuimba bafuni ukagundua noti moja inanguruma kuliko nyingine. Kwa kila mzunguko, chumba kikazikuza zile zake na kuzifinya nyingine, mpaka maneno yakayeyuka, na kigugumizi nacho kikayeyuka, ikabaki milio mirefu inayofuata tu mwendo wa kusema kwake. Kazi nzima ni maelezo ya namna ilivyotengenezwa, yanayofutwa na utengenezaji wenyewe. Katika maneno yaleyale anamwambia msikilizaji kwamba shabaha yake si kuonyesha fizikia, bali ni kulainisha kule kukwama kwa usemi wake. Sijui kazi nyingine ya muziki ambamo mtu amelitaja jeraha lake wazi namna hiyo bila kuomba huruma.

Mpaka hapa nimewanukuu watu hawa kama mashahidi waaminifu. Tusiende haraka. Mtu anayesimulia alivyotunga naye anatunga.

Mwingereza Brian Eno ana kisa ambacho kimezunguka dunia. Mwanzoni mwa 1975 aligongwa na teksi. Akiwa amelala nyumbani hajiwezi, rafiki yake Judy Nylon akamletea santuri ya muziki wa kinubi. Eno anasimulia kwamba baada ya kuiwasha na kurudi kulala aligundua sauti iko chini mno, na spika moja haifanyi kazi, lakini hana nguvu ya kuinuka tena. Nje mvua inanyesha. Akalala akisikiliza kinubi kinachopotea ndani ya mvua, na hapo, anasema, akapata wazo la muziki unaokaa chumbani kama mwanga unavyokaa, usioomba kusikilizwa. Mwaka huohuo akatoa santuri ya kwanza ya namna hiyo. Kisa kizuri. Kina ajali, kina mvua, kina bahati.

Ila Judy Nylon, aliyekuwa palepale, amekisimulia kivingine. Kwake yeye hapakuwa na bahati yoyote: mvua ilikuwa inanyesha, yeye aliiweka santuri, na sauti ya kinubi ikapimwa kwa makusudi ilingane na ile ya mvua. Yaani palikuwa na watu wawili wenye masikio, wakifanya kazi. Sasa chagueni. Mimi simwiti Eno mwongo, kumbukumbu ya mtu aliyegongwa na gari ni kumbukumbu ya mtu aliyegongwa na gari. Lakini angalieni kilichoondolewa kwenye simulizi lililopata umaarufu: mkono wa mwanamke. Kwa hiyo tunapowahoji, tuwahoji wote waliokuwa chumbani. Aliyeshika mikisa, aliyeleta kinanda, dada aliyesema "hapo rudia". Majina ya hao ndiyo yanayoanguka kwanza.

Na nikitaja wanawake, yupo mmoja ninayemweka juu ya wote niliokwisha kuwataja, Éliane Radigue, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1932 sawa na Oliveros. Alipokuwa mama kijana aliishi karibu na uwanja wa ndege wa Nice, na akajifunza kuzisikiliza ndege kama wengine wanavyosikiliza redio. Baadaye alikuwa msaidizi kwenye studio za akina Schaeffer. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa New York, alinunua sinthesaiza kubwa, mashine ya ARP 2500 yenye vitufe na swichi chungu nzima, akaipa na jina la mtu: Jules. Ilipokuja kusafirishwa Ufaransa, aliiacha kibodi yake. Kwa makusudi. Alieleza kwamba kibodi ingekuwepo, vidole vingeshawishika kupiga. Hakutaka kupiga. Alitaka kuzungusha kitufe kwa kiasi kidogo sana hivi kwamba msikilizaji asitambue sauti imebadilika lini, ila baada ya dakika kumi ajikute mahali pengine.

Aliifanya kazi hiyo nyumbani kwake, peke yake, na kazi moja inaweza kupita saa nzima. Mkanda ulikuwa hausamehe: mkono ukiteleza kuelekea mwisho, unarudi mwanzo. Katikati ya miaka ya 1970 aliingia dini ya Kibudha ya Tibet, akaacha muziki kwa miaka kadhaa, na ni mwalimu wake wa dini aliyemwambia arudi kwenye mashine yake. Nimeisikiliza kazi yake ya mwaka 1988 iitwayo Kyema usiku, taa zimezimwa, na naweza kusema tu kwamba nilipoinuka sikio langu lilikuwa linasikia friji kwa namna nyingine.

Sasa sikilizeni alikofika. Miaka ya 2000 ilipoanza, akiwa na umri wa karibu miaka sabini, aliiacha na mashine yenyewe. Akaanza kutunga kwa ajili ya watu: mpiga selo, mpiga kinubi, mpiga klarineti. Na hakuandika noti. Mwanamuziki alikuwa akienda nyumbani kwake, wanakaa, wanazungumza, wanachagua picha ya maji fulani, mto au bahari, mwanamuziki anapiga, Radigue anasikiliza, anasema hapana, au anasema ndiyo, mpaka kazi iwe imekaa mwilini mwa mpigaji. Kazi haiko kwenye karatasi, iko kwa mtu, na mtu huyo ana ruhusa ya kumpa mwingine. Baada ya maisha marefu ya umeme, mama huyu wa Paris alifika pale ambapo fundi wa marimba au mzee wa ngoma wa Kizaramo hakuwahi kuondoka. Wazungu wanaliandikia hilo makala ndefu, na wana haki. Sisi tunaowajua wazee hao kwa majina tumewaandikia ngapi?

Hapo ndipo ninapotaka kutua, kwetu.

Kutoka Nairobi yupo Joseph Kamaru, anayejulikana kwa jina la kazi la KMRU. Wakenya watasema Joseph Kamaru ni yule mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Huyo ni babu yake, na kijana amerithi jina zima. Babu aliimba mambo yanayoeleweka mpaka ikulu; mjukuu hutembea na kinasa sauti, ananasa barabara, ndege, umeme unaonguruma kwenye nyaya, kisha anavinyoosha mpaka havitambuliki. Albamu yake ya mwaka 2020, Peel, inapita saa moja na haina mdundo. Wakati huohuo amekuwa akizitafuta nyimbo za babu na kuzitoa upya. Akihojiwa hueleza kazi yake karibu yote kwa habari ya kusikiliza. Mwaka 2022 alitoa kazi iitwayo Temporary Stored, aliyoitunga kutokana na rekodi za kale za Afrika zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Katika rekodi nyingi za zama hizo za ukoloni, jina linalosomeka vizuri ni la aliyeshika mashine. Aliyeimba ameandikwa kabila lake.

Na Dar es Salaam tunao muziki wa singeli. Najua yupo anayesema, "Singeli si muziki wa majaribio, ni kelele za vigodoro." Ndugu yangu, hiyo kauli ya pili ndiyo waliyoambiwa wote niliowataja leo.

Angalia ulivyotokea. Kwanza palikuwa na mchiriku wa miaka ya 1990: ngoma, na kinanda kidogo cha Casio, vile vinavyouzwa kama vya watoto, kikipitishwa kwenye amplifaya na spika za honi mpaka sauti inachanika. Fundi wa shule angesema punguza, inakwaruza. Vijana wa mchiriku waliona mkwaruzo ndio wenyewe, wakauacha. Kundi la Jagwa Music lilifika nao mpaka Ulaya. Halafu kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, wenye mashine waliuchukua wimbo wa taarab, ambao kama mnavyojua una mashairi marefu na mwishoni una sehemu inayowaka, vyombo vitupu, watu wanatunzana na kujimwaga. Wakatupa mashairi yote. Wakabakiza ule mwisho, wakaurudia, wakaukimbiza kwa programu ya DJ ya kompyuta, MC akapanda juu yake. Mapigo 200 kwa dakika, wengine wanakaribia 300. Mwimbaji wa taarab amekatwa kabisa, na mkia wake umetengenezewa mwili mpya. Niambieni hilo lina tofauti gani na kengele ya Schaeffer.

Tofauti ipo, na ni moja: shajara. Mfaransa alikuwa na mshahara wa serikali na wachapishaji wa vitabu. Studio ya Sisso kule Mburahati haikuwa na hata mwandishi mmoja wa kupita kuuliza. Aliyekuja kuuliza alitoka Kampala: lebo ya Nyege Nyege Tapes ilikusanya kazi za studio hiyo ikatoa Sounds of Sisso mwaka 2017, kisha zikafuata za Bamba Pana, Jay Mitta na Duke. Vijana wakapanda majukwaa ya Ulaya, na waandishi wa huko wakawauliza maswali mazuri: unatumia programu gani, kwa nini kasi hii, sauti hii umeitoa wapi. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya maelezo ya vijana wa Mburahati juu ya kazi ya mikono yao utayasoma kwa Kiingereza. Hiyo ni aibu yetu sisi wenye maikrofoni, na naisema nikiwa nimeshika yangu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wa vituo vingine, vikubwa na vidogo. Akija kijana wa singeli, au wa taarab, au mzee wa mdundiko, ongezeni swali moja tu kwenye orodha yenu: katika kazi hii, ulitupa nini? Kisha mnyamaze, mumwache afikiri, hata kama ukimya huo utawatisha sekunde tano. Naye akitaka kupiga mfano kwenye meza, mwacheni apige.

Na ombi kwako msikilizaji. Kama nyumbani una kanda za mchiriku, za vigodoro, za ngoma ya harusi ya shangazi yako, usizitupe kwa sababu redio kaseti imekufa. Kabla ya yote chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike juu yake nani alipiga, nani aliimba, mtaa gani, mwaka gani, na kinanda kilikuwa cha aina gani kama kuna anayekumbuka. Waulizeni wenyewe wakiwa hai. Wengi wao wanaishi mtaa wa pili tu kutoka hapo ulipo, na simu zao zinapatikana.